Maiki Mfukoni mwa Dokta Antipasi

Marietha, nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Unakumbuka chuo kilinipa kazi ya kuchagua vifaa vya kurekodi vipindi, na bajeti yenyewe kiduchu? Mimi mwenyewe nilisema tuachane na kamera ya gharama, simu inatosha, hela iende kwenye maiki ya kubana kwenye kola. Sauti ndiyo somo, nikawaambia. Wakanipigia makofi!

Leo tumeanza na Dokta Antipasi, kipindi chake cha mwisho kabla hajastaafu. Sasa mimi nimshike mzee yule kifuani? Nikamwamkia, nikampa maiki kwa mikono miwili.

Akasema, "Asante mwanangu," akaitia mfukoni.

MFUKONI, Marietha! Na mimi nikaanza kurekodi hivyo hivyo! Ningemkosoaje mbele ya darasa zima?

Masaa mawili nimerekodi funguo zake zikigongana. Funguo tu! Yeye hasikiki hata neno moja.

Wanafunzi wa tawi letu la Kiomboi, wanaosoma kwa video, wanaisubiri hiyo. Mkuu wa chuo anaisubiri.

Halafu mzee kanifuata ofisini, kavua kofia. "Mwanangu, nimesikika?"

Nikamjibu, "Vizuri sana, baba."

Kafurahi huyo! Kaomba nakala, Jumapili anawaita wajukuu waje wamsikilize.