Siku Sita Kavu

Jumatatu, 17 Machi
Namba za mvua ya mtaa wa Kinyinya zimefika ofisini kwa simu saa tatu, kama kawaida. Nimechora. Bosi kakataa mchoro. Eti una meno kama msumeno. Nikatumia wastani wa siku saba, kila siku igawane mvua na jirani zake. Mstari ukatulia. Niliupenda hata mimi.

Alhamisi, 20 Machi
Injinia wa wilaya ameuchukua mchoro. Ndio atakaopimia kina cha mfereji wa kuchimbwa siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, juu ya nyumba ya kaka yangu Deo kule Kinyinya. Nilijivuna mchana kutwa. Jioni, naosha vyombo, nikakumbuka mvua ya siku moja iliyobomoa jiko la Deo mwaka jana. Nimeitafuta kwenye mstari. Haipo. Siku sita kavu zimeimeza.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemwambia bosi. Anasema wastani ni sayansi. Kweli, ya kujua msimu. Mfereji haupokei msimu, unapokea siku moja. Hilo sikulisema. Mkataba wangu unaisha Juni.

Jumatano, 26 Machi
Nimemwandikia injinia. Sijatuma. Mwoga mimi.

Jumamosi, 29 Machi
Umuganda. Mtaa mzima na majembe, nami nachimba kosa langu mwenyewe. Kina cha magoti. Deo anawaambia majirani, "Dada yangu ndiye aliyepima mvua. Sasa iko sawa, tutalala."
Nikashindwa kuvumilia. Kwenye mkutano wa baada ya kazi, watu wameshaosha majembe, nikasimama. Nikasema mstari wangu unaficha siku ya mvua kubwa. Mfereji ufike kiunoni. Injinia akauliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikaokota jembe langu.
Mama Claudine, jirani wa Deo, akasema, "Namba iko yako, mgongo iko yetu." Akaenda zake. Wengi wakamfuata. Tulibaki tisa, tukarudi kuchimba. Deo hakunitazama, alichimba tu. Tulifikisha kiunoni hadi mwisho wa uzio wa Deo, nguvu zikaisha.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua kubwa tangu alfajiri. Kwa Deo pakavu. Maji yamefurika pale tulipoishia, yakaingia kwa Mama Claudine.
Bosi ameomba mchoro wa wiki. Nimempa wenye meno.
Jioni nimekwenda Kinyinya. Mimi na Mama Claudine tumeshika godoro lake, kila mtu upande wake, tukalikamua. Maji yalitoka mengi.