Pumba za Wakwe wa Sange

Mujukuu wangu Bahati,

Mama yako anakusalimia, dada yako Neema na mutoto wake wanakusalimia, baba yako mudogo Amani pia. Wote tuko wazima. Miye tu sina raha tangu uliposema serveri ya kazini inajaa kidogo kidogo mpaka inaanguka, munaiwasha upya, inajaa tena, na mukubwa wako anataka kukufukuza. Unakula lakini?

Masini hiyo siijui. Ila nikiwa binti, shangazi yangu alikoboa mupunga wa watu kule Sange, na kiwanja chake kilijaa mabeseni ya pumba. Tukiyapeleka yote kwa wenyewe, siku ya soko ikipita kiwanja kinajaa tena. Majirani walicheka: "Mama, unakoboa mupunga ao unafuga pumba?"

Siku moja akaacha kutazama kiwanja, akamufuata muteja mumoja tangu kuingia mpaka kutoka. Yule mubaba akabeba muchele, akaacha pumba.

"Ni za mukwe wangu, atapitia."

Kwetu kitu cha mukwe hakiguswi. Naye mukwe hakupita, na kila muteja alikuwa na mukwe.

Toka pale shangazi aliuliza kila mutu mulangoni: "Hizi umeziachilia?" Akikubali, bata wa shangazi wanakula. Akikataa, anabeba mwenyewe. Kiwanja kikapumua.

Basi weye pia fuata kazi moja tu ndani ya masini, uone inaacha nini, na nani angali anakishika.

Simu ya Amani iko na moto, haitazimika. Nijulishe mbio kama kazi ingali yako, na kama unakula.

Tate yako