Kwa Mama Kituo, Aliyemwambia Mumewe Asubiri

Mwaka mmoja umetimia, Mama, tangu ulipofumba macho mchana ule katika wodi ya ghorofa ya pili, dirisha likiwa wazi kwa sababu ulisema chumba kinanuka dawa ya kusafishia sakafu. Ulituomba tusipige kelele. Tulijitahidi, tukashindwa.

Tunaoandika ni sisi wanao watatu. Baba amekaa kwenye kochi, mguu ameuweka juu ya stuli, anasikiliza kila sentensi tunayomsomea na kuisahihisha. Ameshatukatiza mara mbili na hata hatujaanza.

Watasoma hapa watu ambao hawakukujua, basi tuwaeleze kidogo. Kwa miaka ishirini na sita ulikuwa mhudumu wa redio katika hifadhi ya wanyama. Hukubeba bunduki wala hukupanda kilima. Ulikaa katika chumba chenye meza, saa ya ukutani, redio, na ramani iliyochakaa kwenye mikunjo, na kila aliyepatwa na jambo humo hifadhini, awe askari au mgeni, alikuita kwa jina moja. "Kituo, Kituo, unanipata?" Mwishowe jina likakuganda. Hata muuza maziwa alikuita Mama Kituo, na sisi shuleni tukawa watoto wa Kituo.

Watu hudhani dharura za hifadhini ni simba tu. Ulicheka kila uliposikia hivyo. Simba ana adabu zake, ulisema. Taabu ni watu. Dereva aliyezama matopeni na kuona haya kusema. Mzee aliyeacha dawa zake za moyo hotelini. Bibi harusi aliyeteleza kwenye maporomoko akipigwa picha. Mgeni yule aliyejifungia chooni kwa sababu nyati alikuwa amesimama mlangoni: ulikaa naye kwenye simu saa nzima ili asije akatoka kwa woga, mkazungumza mpaka mkajuana ukoo, na askari walipofika na kumwondoa nyati, mgeni akasema, "Ngoja kwanza, Mama, malizia ile habari ya shemeji yako."

Na yule aliyepotea akakupigia simu, ukamwuliza yuko wapi, akasema, "Niko karibu na mti."

"Mwanangu," ulimjibu, "huku miti ni mingi kuliko watu. Jua linakupiga bega gani?"

Kwa bega hilo, na kwa sauti ya maji aliyokuwa akiisikia upande wa pili, uliwaelekeza askari. Kabla ya saa sita alikuwa langoni, ana kikombe cha chai mkononi, anawasimulia wenzake jinsi alivyojiokoa mwenyewe. Hukuona haja ya kumsahihisha.

Maswali yako yalikuwa matatu, kwa mkubwa na mdogo. Uko wapi? Una hali gani? Unahitaji nini? Nasi nyumbani hatukusalimika. Kitinda mimba wako alipoumwa jino alikuja jikoni analia, nawe bila kugeuka ukauliza, "Uko wapi?" Akapiga kelele, "Mama, si niko nyuma yako!" Ukasema, "Vizuri. Una hali gani?" Na aliyejibu kwa kununanuna aliambiwa, "Sijakupata, rudia."

Hukuwa mpole kwa asili, Mama, tuseme ukweli. Sokoni uliweza kubishana na muuza nyanya mpaka zile mbichi zikaiva. Lakini ukishika redio sauti yako ilitulia kama maji ya mtungini. Askari walikuwa wakisema ukimsikia Kituo unaona mambo yamekwisha, hata kama nyoka bado yumo ndani ya buti.

Sasa tufike kwenye siku ile ambayo nyumbani kwetu tunaiita siku ya nyuki. Baba ametupa ruhusa.

Baba naye alikuwa askari wa hifadhi, na kwa urefu wake wenzake walimbatiza Ngazi. Miaka kumi na moja iliyopita, saa nne asubuhi (Baba anasema saa nne na dakika kumi), alikuwa doria upande wa magharibi na mwenzake mfupi, wa kifua kipana, waliyemwita Kisiki. Ukingo wa korongo ukamegeka chini ya miguu yake. Akaporomoka na udongo na mawe mpaka chini, na mfupa wa muundi ukavunjika na kutokeza nje ya ngozi. Kisiki akashuka kwa makalio, akamfunga kwa shati lake, akashika redio.

"Kituo, Kituo! Ngazi kaanguka! Mguu umevunjika, mfupa nauona kwa macho!"

Uliuliza yale matatu, ukajibiwa, huku Baba akisikika nyuma akiyatukana mawe. Gari la uokoaji siku hiyo lilikuwa moja tu. La pili lilikuwa gereji, giaboksi imeshushwa. Ukamwambia dereva na tabibu wajiandae. Injini ilikuwa imeshawashwa redio ilipoita tena, safari hii kutoka mashariki. Moshi wa jiko la mpishi wa kambi ulikuwa umechokoza mzinga wa nyuki. Wamemvamia. Uso umevimba hadi macho hayaonekani, koo linaziba, anakoroma.

Mashariki ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Magharibi, saa mbili kwa barabara ile. Sindano ya kumfungua mtu pumzi ilikuwa ndani ya gari lile lile. Gari likienda kwa Baba, mpishi anakufa. Likienda kwa mpishi, itabidi limkimbize hospitali, na Baba anabaki korongoni akivuja damu, na mfupa uliotoka nje haungoji mtu: mguu huoza, na mwenye mguu akafuata.

Dereva akasimama mlangoni pako. "Mama, niende wapi?"

"Mashariki."

"Lakini Mama, yule kule ni..."

"Namjua ni nani, nimemzalia watoto watatu. Nenda mashariki."

Kisha ukabonyeza kitufe. "Ngazi, Kituo hapa. Gari limekwenda kwingine. Itabidi usubiri."

Kisiki ndiye aliyepandwa na hasira. "Kituo! Huyu ni mumeo!"

Baba anakumbuka kimya kifupi, cha mtu anayemeza mate. Halafu sauti yako, ile ile. "Kisiki, nimekuomba hali ya mgonjwa, sikukuomba ukoo. Vidole vya mguu vinacheza?"

Baba akamnyang'anya redio. "Vinacheza," akasema. "Nisubiri mpaka lini?"

"Mpaka nikupatie njia nyingine."

Njia yenyewe ilikuwa lori la kokoto. Mafundi walikuwa wakitengeneza barabara upande wa kusini, hawana redio, na simu ya msimamizi wao uliipiga mara tisa ndipo akapokea. Ukamtaka amwambie dereva wa lori amwage mzigo pale pale aliposimama, ageuze. Msimamizi akauliza nani atawajibika kwa kokoto iliyomwagwa katikati ya njia. Ukamwambia aandike jina lako, na aliandike kwa herufi kubwa.

Na kila robo saa, bila kukosa, ulimwita mumeo. Damu? Vidole? Kiu? Damu? Vidole? Kiu? Ilipofika mara ya saba uvumilivu ukamwisha.

"Mwanamke, vidole ni vile vile!"

"Sikuuliza kama ni vile vile. Nimeuliza kama vinacheza."

Akakutukana. Hatutaliandika tusi hilo hapa. Baba mwenyewe anaomba tuliruke. Lori lilifika saa nane kasorobo. Likampeleka hospitalini juu ya turubai, Kisiki akimshikilia huku na huku kama kabati linalohamishwa.

Mpishi alipona. Mguu wa Baba ulipona pia, lakini ulifupika kwa upana wa kidole, na vidole viwili havikuhisi kitu tena. Doria ikaishia hapo. Akapewa kazi ya langoni, kuandikisha wageni, na askari wakapata la kusema: Ngazi imepungua kipandio kimoja.

Aliporudi nyumbani na magongo yake, alinuna. Alizungumza nawe kupitia kwetu. "Mwambieni mama yenu chumvi imepungua." Nawe umekaa hapo hapo, goti kwa goti, unajibu, "Mwambieni baba yenu alivunjika mguu, mkono anao." Tulikuwa tukicheka chini chini na kuogopa kwa wakati mmoja, maana hatukuwahi kuwaona hivyo.

Siku ya kumi na mbili akakuuliza mwenyewe, uso kwa uso, katikati ya chakula. "Ingetokea tena, ungefanya vile vile?"

Vijiko vyetu vilisimama. Tulitamani udanganye kidogo, Mama. Uongo wa mapenzi watu huusamehe.

"Ndiyo," ulisema.

"Gari ungelipeleka mashariki."

"Ndiyo. Wewe ulikuwa unatukana. Anayetukana anapumua. Yule alikuwa amenyamaza."

Baba akaweka kijiko chini. Kisha kicheko kikaanzia tumboni, kikampanda, kikamtikisa mpaka gongo likaanguka sakafuni, na wewe ukaliokota. Kununa kukaisha siku hiyo.

Kukabaki jambo moja tu dogo. Kila wageni walipokuja nyumbani aliwasimulia, kwa fahari iliyochanganyika na kijidonda, "Mke wangu huyu ana moyo wa chuma. Mimi nakufa, yeye sauti haitetemeki hata kidogo." Nawe ungeinuka kuongeza maji kwenye birika. Ulipostaafu alisema hivyo mbele ya wafanyakazi wote, wakapiga makofi, ukainamisha kichwa.

Siku ya msiba wako alikuja mtu mnene ambaye hakuna aliyemtambua. Aliingia moja kwa moja jikoni, akakunja mikono ya shati, akapika. Akapika siku mbili. Wifi yako, ambaye hajui kumsifu mtu, alikiri kwamba wali ule haukuwa na kosa. Siku ya tatu Baba akamwuliza, "Ndugu yangu, wewe ni wa upande gani wa ukoo?"

"Sina upande, mzee. Mimi ni yule wa nyuki."

Baba alimshika mkono na hakuuachia. Walikaa kwenye ngazi za ukumbi hivyo hivyo, wazee wawili wameshikana mikono, mpaka chai ikapoa. Siku hizi mpishi anampigia simu kila Jumapili, anamfundisha kupika kwa mdomo. Matunda ya mafunzo hayo bado hatujayaona. Sufuria zako ndizo zinazojua yanayozipata.

Halafu mwezi uliopita Baba alitembelewa na mtunza stoo wa hifadhi, yule aliyestaafu, ambaye stoo yake ilikuwa ukuta mmoja na chumba chako cha redio. Wakakumbushana mengi. Baba kama kawaida yake akafika kwenye moyo wa chuma. Mtunza stoo akaweka kikombe chini.

"Ngazi, chuma gani? Nani kakudanganya?"

Ndipo akatueleza. Gari lilipoondoka kwenda mashariki ulimwita, ukamwambia ashike mlango mtu asiingie. Kila ulipoachia kitufe ulilia. Ulijiziba mdomo kwa mtandio usisikike koridoni, ukalia mpaka mabega yakawa yanagonga ukuta. Saa ya ukutani ikikaribia robo unajifuta, unakohoa kidogo kuisafisha sauti, unabonyeza, unauliza damu, vidole, kiu. Akishajibu unaachia kitufe, unaanza upya. Ikawa hivyo mpaka lori lilipofika. Baba alipotukana, alisema mtunza stoo, ulicheka na kulia kwa pamoja, ukasema, "Bado ana nguvu, bado ana nguvu."

"Akaniapisha nisikwambie," alisema. "Nikamwuliza kwa nini. Akasema, 'Akijua yeye watajua askari wote. Na siku wakiwa na shida wataanza kunihurumia mimi, waache kujitazama wao.' Kiapo nimekitunza mpaka leo. Sasa yeye hayupo, na wewe unazidi kumsema chuma."

Baba aliinuka. Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani na fimbo yake, taratibu, wakaagana. Aliporudi alikaa hapa hapa kwenye kochi. Kifungua mimba wako akamletea maji, akayashika bila kuyanywa.

"Na mimi," akasema, "miaka yote hii nilidhani siku ile nililia peke yangu."

Hakuwahi kutuambia kwamba alilia, Mama. Wewe ulijua?

Unakumbukwa leo na mumeo, Ngazi, na sisi wanao watatu, na wakwe zako wawili, ambao bado wanajibu simu kwa kutaja walipo, na wajukuu wako wanne, pamoja na yule wa mwisho aliyezaliwa miezi miwili baada ya kutuacha, mwenye sauti ya kusikika hifadhi nzima, na dada yako mkubwa, na wifi yako, na Kisiki, anayesema umsamehe kwa kukupigia kelele, na mpishi, na askari wote waliowahi kuita, ukawaitikia.

Siku zote tutakazojaliwa kuishi, Mama, tutakukumbuka.