Risasi Katika Damu ya Neema

Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute na nguvu, na ule mguu uwe umepoa kiasi cha kukufikisha kanisani. Migomba ya kibanjani imepona mnyauko? Sisi huku tunapumua, ila habari si nzuri, na sikutaka kuzisema kwenye simu ya jirani.

Kaka Elieza anakuletea barua hii pamoja na mjukuu wako Neema. Waitu Mama, nakusihi, mpokee akae nawe hapo Ijumbi.

Unajua mume wangu Yoeli anafanya kazi kwenye karakana ya kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi, yale madini mazito. Tangu masika tumbo linamsokota, ana hasira za bure, anasahausahau. Kisha mkono wa kulia ukalegea. Akinyanyua kikombe, kiganja kinaanguka. Nikamlazimisha twende hospitali. Daktari, mama mmoja mtulivu, aliagiza na Neema apimwe damu, maana risasi hufika nyumbani na nguo za kazi. Nguo hizo nimekuwa nikizifua kwenye beseni ninalomwogeshea mtoto.

Risasi ilikutwa kwa wote wawili.

Yoeli akauliza, "Daktari, mwili si unazoea?"

"Hauzoei. Kila seli ina walinzi wake, tunawaita antioksidanti. Wengine mwili hujitengenezea wenyewe. Walinzi hao huikamata sumu itolewe, huizuia isiharibu seli. Lakini mlinzi akishaikamata, naye ametumika. Risasi ikiingia kila siku, walinzi wanapungua upesi kuliko mwili unavyoweza kutengeneza wengine."

"Chakula kinawaongeza?"

"Mboga, matunda, mayai, kitunguu saumu vinasaidia. Ila huwezi kuishinda risasi kwa kula huku unaendelea kuivuta. Acha kwanza ule moshi."

Yoeli alisikia neno chakula tu. Sasa kila asubuhi anatafuna kitunguu saumu, anakoroga unga wa majani aliouziwa sokoni, kisha anakwenda kwenye tanuru. Nikimsihi ananijibu, "Walinzi wangu wapo." Juzi alisimama mlangoni akamtazama Neema, akaniuliza mtoto huyu anaitwa nani. Nilidhani anatania. Nilipomwangalia nikaona anasubiri jibu.

Daktari anasema afadhali mtoto aondoke hapa, ila ubongo mchanga huumia upesi, na hakuniahidi kitu. Mpe maziwa, maharage, mchicha na mayai. Akilia tumbo, au ukimwita asigeuke, usingoje. Mpelekeni hospitali Bukoba.

Mimi nabaki. Siwezi kumwacha Yoeli katika hali hii. Damu yangu sijapima.

Nisalimie dada Eunike wa Maruku na wanawe, na mama mkwe hapo Miembeni. Mwambie mama mkwe kwamba Yoeli amemtafutia mdogo wake nafasi kwenye tanuru, na nauli imeshatumwa. Asimwache apande basi.

Ni mimi binti yako,
Kokugonza