Wanafunzi Wangu Wamenipigia Kura ya Vigae

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana wanafunzi wangu wamenifukuza na kinachonitisha ni kwamba nimefurahi. Mimi ni mwalimu wa historia, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na muhula huu badala ya kuwasomea Ugiriki ya kale huku wakinakili niliwagawa makundi, hawa milima na udongo, hawa bahari, hawa vyombo vya udongo, hawa tamthilia, hawa baraza la wananchi, nikasema kila kundi litafute habari zake, tubandike kadi ukutani na kufunga uzi mwekundu kati ya mambo yanayohusiana, ila anayefunga uzi sharti aweze kuueleza, na mshauri, ungewaona! Milima ikaungana na uhaba wa nafaka, uhaba ukaungana na merikebu, merikebu na mitungi ya mafuta ya zeituni, na mitungi iliyovunjika ikafika barazani, kwa sababu waligundua kwamba Waathene waliandika jina la mtu kwenye kigae, na aliyezidi kura alifukuzwa mjini miaka kumi.

Sasa kosa langu. Kundi la tamthilia lilikwama siku tatu, nikaona ukuta una pengo na mkaguzi yuko njiani, basi wakati wa mapumziko nikafunga uzi kutoka tamthilia hadi baraza kwa mkono wangu, nikanyamaza. Wakaingia. Binti mmoja tunayemwita Wakili, kwa ubishi wake, akasimama: "Nani kafunga huu? Aueleze." Akanigeukia: "Mwalimu, ni wewe?" Nikasema ndiyo, nilitaka kuwasaidia tu. "Umetusaidia kama anayemtafunia mtu chakula," akasema, darasa likaangua kicheko, na kabla hakijaisha wakaokota vipande vya chungu cha maua kilichovunjika mlangoni wakapiga kura, na vigae thelathini na kimoja kati ya thelathini na vinane vikawa na jina langu: vipindi kumi nikae dawati la nyuma, nisiseme neno ila kuuliza swali. Nimekaa vipindi vinne na sijawahi kuona darasa likichemka hivi, lakini mwalimu mkuu kaniita: "Mama, mkaguzi anakuja kukuona unafundisha, si umekaa nyuma kama mgonjwa anayengoja dawa. Simama Ijumaa, la sivyo somo hili linarudi kwenye kunakili." Nisimame au nikae?

Mfukuzwa wa Dawati la Nyuma

*

Mwalimu, kaa! Wala usithubutu kunyanyua kisigino.

Nimeisoma barua yako kwa sauti mpaka mke wangu akauliza nagombana na nani. Miaka nenda miaka rudi napiga kelele juu ya shule zinazowanywesha watoto tarehe za vita kama dawa ya minyoo, na leo kuna darasa lililochukua kitu lilichokisoma likakitumia dhidi ya aliyelifundisha! Unataka sifa gani zaidi ya hiyo?

Lakini usijipongeze bado. Uliwaibia. Zile siku tatu za kukwama hazikuwa pengo, ndizo zilikuwa kazi yenyewe. Uzi wako pengine ni sahihi, na hapo ndipo unapoudhi: jibu sahihi lisilo na mwenyewe. Kesho uufungue mbele yao, uwakabidhi kundi la tamthilia. Wasipopata kiungo hadi Ijumaa, pengo libaki. Mkaguzi aone pengo la kweli.

Na vijana wako nao wasilewe Ugiriki. Waathene wale hawakumpa kigae mwanamke, wala mtumwa, wala mgeni. Andika kadi moja: "Nani hakupewa kigae?" Ibandike bila uzi. Hilo ni swali, hukumu yako inakuruhusu. Kisha umtazame Wakili, ambaye huko Athene asingepiga kura hata moja, akiukimbilia ukuta.

Mwalimu mkuu usimngoje Ijumaa. Mwendee leo, umfikishe ukutani, achague uzi wowote na mtoto yeyote. Akishaelezwa nyuzi tatu na bado anataka kunakili, aniandikie mimi. Nafasi ninayo, na hasira ya kutosha pia.

Ijumaa kaa nyuma. Mkono ukiinuka wenyewe kutaka kujibu, ukalie. Na mkaguzi akiuliza mwalimu wa darasa hili yuko wapi, funga mdomo. Wakili atamjibu.