Kaka Aliyenipa Figo Anaoa, na Korona Haijanitoka

Mpendwa Bi Daulati, naomba msaada wako upesi, maana hapa nilipo furaha imenijaa. Kaka yangu mdogo Wagdi anaoa Alhamisi ijayo! Huyu ndiye aliyenipa figo lake moja, na tangu hapo nameza tembe za kupoza kinga ili mwili usije ukalikataa, lakini kwa kuwa kinga imepozwa, korona iliyonishika kabla ya Ramadhani imeniganda mpaka leo, wenzangu waliugua siku chache wakapona, mimi kila nikipimwa bado ninayo, nimejifungia ghorofa ya tatu hapa Port Said, mkate na mboga navivuta kwa kikapu cha kamba kutoka mtaani, na kwetu bwana harusi hatoki mlangoni mpaka dada yake mkubwa afungue vigelegele, na dada mkubwa ni mimi! Jana nimejipima, Bi Daulati, ule mstari wa korona kwenye kipimo umefifia, karibu hauonekani, nikaruka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Mama mkwe wangu, Hajjat Insafu, akanipigia simu: "Si nilikwambia? Hizo tembe ndizo zinazomlea huyo mdudu. Ziache kidogo tu, mwanangu, mwili upigane, uje ucheze harusi ya nduguyo." Wagdi naye: "Dada, usipokuja sitoki nyumbani, bibi harusi atanisubiri mpaka azeeke!" Nimeamua kuziacha kuanzia Jumamosi. Niambie ndiyo, tafadhali.
Shahinaz, Port Said

Shahinaz mwanangu, hongera, na vigelegele vya kwanza nakupigia mimi. Sasa kaa chini nikugombeze. Barua yako nimeirusha foleni itoke gazetini leo Ijumaa, kabla hiyo Jumamosi yako haijafika, kwa sababu unataka kulichezea kamari figo la mtu. Hajjat Insafu anakupenda, sina shaka, ila mapenzi hayajasomea figo. Ukiziacha hizo tembe, mwili unaweza kuligeukia figo la Wagdi na huyo mdudu ukamwacha palepale. Kuzipunguza ni kazi ya daktari wako peke yake. Mpigie leo, mweleze habari ya mstari, umuulize waziwazi kama kuna dawa ya kuua kirusi cha korona inayokufaa na isiyogombana na tembe zako.

Na mstari uliofifia bado ni mstari. Ukumbini huendi mpaka daktari aseme. Au unataka bibi harusi aanze ndoa kwa kukohoa?

Lakini nani kasema vigelegele lazima vifunguliwe mlangoni? Una roshani wewe! Msafara wa zafa upite chini yako na ngoma zake zote, Wagdi asimame hapo mtaani, uvifungue kutoka juu mpaka ng'ambo ya mfereji wa meli wavisikie, uwamwagie chumvi ya kuzuia jicho la husuda, kisha wakujazie kikapu keki na lozi za sukari, uvute. Bwana harusi atakuwa ametoka kwa vigelegele vyako, na mila itakuwa imetimia.

Figo moja analo yeye, jingine unalo wewe, na Alhamisi nataka yote mawili yahudhurie yakiwa mazima. Kama saa ya tembe imefika, weka gazeti chini ukameze.