Idd Ilipohama kwenye Kalenda ya Shangazi

Bugolobi, Kampala

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na goti la Mama limepoa. Je, mvua imeshika huko Kitale? Hapa inanyesha kila alasiri.

Baba, nina habari ya kujivunia. Unajua Shangazi Nekesa hupika keki na sambusa za kuuza hapa nyumbani. Ofisi za jirani humwagiza kwa baruapepe, na wateja wa mtaa wa Kibuli humpigia simu, naye huwaandika daftarini. Muhula uliopita oda mbili ziliangukia siku moja, moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye daftari. Sambusa za Hajati, mteja wake wa zamani wa Kibuli, zikafika wageni wameshaondoka. "Nnyabo, kitabu yako iko na ubaguzi!" Hajati alimwambia; nnyabo ni "bibi" kwa Kiganda. Shangazi hakucheka.

Likizo hii nikamwomba nimtafutie programu ya kuunganisha baruapepe na kalenda, ili oda zote zionekane mahali pamoja, kwenye kompyuta na kwenye simu yake. Akakubali kwa sharti. "Hajati akikosa chakula tena, tunarudi kwenye daftari, na wewe unarudi kwenye hesabu zako za shule."

Nilijaribu tatu. Ya kwanza ilipendeza macho, lakini ilitaka kulipiwa kila mwezi. Ya pili ilitaka intaneti wakati wote, na Shangazi huzima data mara tu anapomaliza kusoma ujumbe, kama mtu anayezima jiko. Nikachagua ya tatu. Haina urembo, lakini oda hukaa humo hata data ikizimwa, na ikiwashwa tu, simu na kompyuta hupatana zenyewe.

Ikakaribia Idd. Programu ilikuwa imeshaandika Idd siku ya Ijumaa, nami nikapanga oda za Kibuli hapo. Nilipompigia Hajati kuhakikisha, akaguna. "Ijumaa? Nani alikuambia? Wewe muwala, mwezi imekupigia simu?"

Muwala kwa Kiganda ni msichana. Niliona aibu, Baba. Nikafuta, nikaandika oda zote za Kibuli ndani ya tukio moja la Ijumaa nililoliita Idd, ili likihama zihame pamoja.

Alhamisi jioni redio ikatangaza kwamba mwezi haujaonekana. Nikasogeza Idd hadi Jumamosi. Shangazi akawasha data, simu ikalia, akashika kichwa: Jumamosi asubuhi tulikuwa na keki ya ofisi moja.

"Umeona sasa?" akaniuliza.

"Nimeona, Shangazi. Lakini tumeona leo. Kwa daftari tungeona Jumamosi."

Akanitazama, kisha akasema, "Basi waandikie." Nikawaandikia wale wa ofisi kwa adabu kama ulivyonifundisha, wakakubali keki ifike mchana.

Jumamosi sambusa zilifika Kibuli kwa boda kabla watu hawajatoka msikitini. Hajati akapiga simu mwenyewe. "Leo kitabu imenikumbuka," akasema, na Shangazi akacheka mpaka akaketi.

Jana nilifungua kalenda nikakuta tukio ambalo si mimi niliyeliandika. Shangazi, ambaye hajawahi kuandika chochote humo, ameweka siku ya wazazi shuleni kwetu. Chini yake ameandika: "Shule ya Naliaka. Sipokei oda."

Nisalimie Mama, na Kukhu, mwambie nyanya yangu huyo kwamba bado navaa sweta aliyonifumia. Kaka Wafula, anayekusaidia kupiga randa, mwambie asiguse vitabu vyangu.

Nawe Baba, najua bado unaandika oda za viti kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Tarehe ya siku ya wazazi nimeiandika nyuma ya bahasha. Tafadhali inakili mlangoni, juu kabisa, mahali ambapo mkono wa Wafula haufiki kufuta.

Binti yako anayekukumbuka,
Naliaka